Figo Lisilozama

Jumatatu, 14 Desemba 1992

Mtamba wa tatu amekufa Ruhuwiko leo kabla jua halijatoka. Habari hiyo nimepewa na Selestine, msaidizi wa maabara ya mifugo, aliyenigongea mlango hapa Mjimwema, Songea, akiwa na matope hadi magotini.

"Kaka Balta, wa tatu huyo. Safari hii nimewawahi kabla hawajamfukia. Chukua kalamu, gazeti lako liandike."

Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Matogoro ukalala juu ya mahindi machanga. Watu waliouzunguka mzoga walionekana kuanzia kiunoni kwenda juu, kana kwamba nao walipandwa. Selestine alipasua, akatoa mafigo yote mawili. Figo la ng'ombe mzima ni jekundu, tena jekundu la kukolea. Haya yalikuwa na rangi ya kande iliyopoa, na kisu kilitoka kinang'aa mafuta.

Akaomba glasi mbili za maji. Zililetwa na Klementina, mjane wa nyumba ya pili. Katika glasi ya kwanza Selestine alitia kipande cha figo alilotoka nalo machinjioni. Kikazama papo hapo. Katika ya pili alitia kipande cha figo la mtamba. Kilishuka hadi nusu ya glasi, kikasimama. Hakikuzama, hakikuelea. Kilikaa katikati ya maji kikizunguka polepole, na watu wote wakainama kukitazama. Kwa saa yangu zilipita dakika kumi na mbili.

"Mtanirudishia?" Klementina aliuliza. "Hizo glasi ni za wageni."

Selestine anaeleza hivi. Figo hula mafuta kama jiko linavyokula kuni. Damu huyaleta, figo huyachoma, ndipo hupata nguvu ya kusafisha. Jiko likizimwa, mleta kuni hana habari. Anaendelea kuleta mpaka kuni zinaziba mlango. "Swali ni nani kazima jiko," alisema.

Anashuku dawa. Mitamba yote mitatu ilikuwa na mimba, yote ilishikwa na ndigana, homa ya kupe, yote ilichomwa tetrasaiklini iliyonunuliwa dukani Lizaboni. Josho la kuogeshea ng'ombe limekauka mwaka wa pili huu, na dawa ya serikali ya bure imebaki hadithi. Kila mtu anajinunulia, anajichomea.

Sampuli ziende maabara kubwa ya Morogoro, lakini fomalini ya kuhifadhia imekwisha tangu Agosti. Nilisema ninayo lita ya spiriti, ya kuwashia karabai.

"Itafaa?" niliuliza.

"Mbona nyoka wa shuleni wamo kwenye spiriti miaka yote." Kazi yake ya miaka kumi na minne ni kutazama damu ya ndigana kwenye vioo, na damu hiyo hukazwa juu ya kioo kwa spiriti. Nikaenda nikaileta mwenyewe.

Klementina naye ana mtamba, Faraja, mwenye mimba ya miezi sita na nusu. Ni wa mradi wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Ndama jike wa kwanza huenda kwa anayefuata kwenye orodha, ambaye ni Lidwina, nesi mstaafu. Wanaozaliwa baada ya hapo ni wa mwenyewe. Mtamba akifa kwa uzembe, jina la mwenyewe linakatwa na ndama, kama yupo, anachukuliwa. Akifa bila kosa la mtu, ndama anabaki pale alipozaliwa na orodha inasubiri. Klementina alinitajia masharti hayo moja baada ya jingine kama anasali, macho yakiwa kwenye glasi.

Jumanne, 15 Desemba

Chupa ya mafigo imeondoka na basi la alfajiri. Mvua siku nzima.

Jumamosi, 19 Desemba

Duka la dawa za mifugo la Lizaboni ni la Nasma, mama wa makamo aliyehamia kutoka Tunduru miaka mitatu iliyopita. Nilikwenda nikiwa nimeshamwandika kichwani: mfanyabiashara wa siku hizi, ulimi wa asali, chupa za maji ya mto.

"Shikamoo, mzee wangu. Umekuja kununua au kunifunga?"

"Marahaba. Nimekuja kuuliza."

"Kuuliza ni bure. Kaa kitini hapo, ila egemea kulia, mguu wake wa kushoto unasingizia tu."

Alinifungulia katoni mbele ya macho yangu. Namba ya toleo ni moja kwenye chupa zote. Mwisho wa matumizi ni Oktoba 1994. Nimenakili. Nilisubiri anidanganye kuhusu kitu chochote, hakunidanganya.

Chupa za katoni zina rangi ya asali nyepesi. Nyingine amezipanga dirishani, safu tatu. Kulikuwa na jua la kabla ya mvua, na lilipita ndani ya zile chupa likatoka jekundu upande wa pili, likatua sakafuni, kwenye viatu vyangu, kwenye daftari. Nilikaa nikilitazama kupita kazi ilivyodai.

Waliingia wakulima wawili wa Namtumbo. Kila mmoja aliinua chupa za dirishani kwenye mwanga, moja moja, akazirudisha, akachukua moja. Sikuwauliza walikuwa wanatafuta nini. Niliandika: "Wateja huchagua kwa makini."

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Mvua ilianza wakati wa Utukufu, ikawashinda waimbaji. Pombe ya ugimbi kwa jirani.

Alhamisi, 7 Januari 1993

Nimelala mchana kwa sababu ya mafua. Nimeota niko kanisani, na kila muumini ameshika glasi ya maji badala ya kitabu, na ndani ya kila glasi kuna kitu kinachozunguka. Padri akasema tukae. Hakuna aliyekaa, tulikuwa tumening'inia. Nimeamka mvua imekatika, ukungu umeingia ndani kupitia chini ya mlango. Naandika ndoto kwa sababu leo hakuna habari.

Jumanne, 19 Januari

Mafuta hayakuonekana kwenye mafigo. Amesema Selestine, aliyezungumza na Morogoro kwa simu ya posta. Laini ilikuwa mbaya, anasema kama mtu anayezungumza huku anakaanga. Alisikia sentensi hiyo, kisha ikakatika. Alipanga foleni tena, hakupata.

"Barua inafuata," alisema. "Tuingoje, kaka?"

Tulikuwa tumesimama chini ya baraza ya posta, maji yanadondoka mbele yetu kama pazia la shanga. Mimi na yeye tuliona kile kipande kwenye glasi. Hakuna aliyekitaja.

Miaka ishirini na saba nimewaambia waandishi wachanga jambo moja: ngoja karatasi. Lakini mhariri anataka habari leo. Na Nasma wanamwita muuaji sokoni, wiki ya tano sasa. Nilijiambia kwamba kuwahi kumsafisha ni haki yake. Nimeingia posta, nimemsomea habari yangu kwa simu, kwa sauti kubwa, herufi kwa herufi pale laini iliposumbua. Kichwa cha habari: "Maabara: Dawa haikuua mitamba Songea."

"Mafuta hayakuonekana" na "dawa haikuua" ni sentensi mbili. Nilijua hivyo nilipokuwa nasoma.

Alhamisi, 21 Januari

Gazeti limefika. Ukurasa wa tatu, jina langu juu. Nasma amenitumia vitumbua sita. Nimekula vinne.

Jumamosi, 30 Januari

Mvua. Kuni mbichi. Jiko linatoa moshi bila moto.

Jumatatu, 8 Februari

Faraja ameshikwa na ndigana. Nimeambiwa na Klementina mwenyewe, niliyemkuta dukani kwa Nasma. Bwana mifugo yuko Tunduru mpaka mwisho wa mwezi, na ndigana haingoji. Kuchoma sindano alifundishwa kwenye semina ya mradi. Alikuwa na kipande cha gazeti langu, amekikunja ndani ya pindo la kanga.

"Umetutoa wasiwasi, Mwandishi," alisema. "Nilikuwa nimeapa sigusi dawa ya hapa."

Kisha akafanya kama wale wa Namtumbo. Akachukua chupa ya kwanza ya dirishani, akaiinua kwenye mwanga, akairudisha. Ya pili, akairudisha. Ya tano ilikuwa nyeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni.

"Hii," alisema. "Hii imeiva."

"Mama, zote ni moja," Nasma alimwambia. "Namba moja, katoni moja. Kwani dawa ni embe?"

"Dada, mimi na marehemu tumelima tumbaku ya kukausha kwa moshi Namtumbo miaka kumi na tisa. Mpanga majani nilikuwa mimi. Jani la njano ni changa, hata mzee asiye na meno haliwezi kumkohoza. Jani likiwa jeusi, ndiyo limeiva, ndiyo lina nguvu. Macho haya hayajawahi kurudishiwa mtumba wa tumbaku hata mmoja."

Nasma aliniangalia akicheka. "Unawasikia? Wote wa tumbaku ndivyo walivyo. Nikiwatolea za katoni wananiambia nimewapa mkojo wa mtoto. Nisipozipanga dirishani hawanunui. Sasa nazipanga mapema, ziive."

Tulicheka wote watatu. Klementina alikwenda na chupa yake ameikumbatia, akapotea kwenye manyunyu kabla hajafika mwisho wa mtaa.

Alhamisi, 11 Februari

Barua ya Morogoro ina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza una ile sentensi ya simu. Wa pili unasema, nanakili: "Sampuli zimepokewa zikiwa katika spiriti. Spiriti huyeyusha mafuta. Kwa hiyo kutoonekana kwa mafuta si uthibitisho kwamba hayakuwepo. Leteni sampuli nyingine katika fomalini, tunawatumieni chupa moja. Leteni pia dawa iliyotumika, ikiwa imefungwa isipigwe na mwanga; dawa hii hugeuka sumu ya figo ikikaa juani, na rangi yake hukolea."

Selestine alinisomea amesimama. Alipofika kwenye neno mwanga sote wawili tulitazama dirishani, upande wa Lizaboni.

Nilichukua baiskeli. Saa nne na dakika kumi niliondoka Mjimwema, saa tano kasoro robo nilikuwa Ruhuwiko. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyoanguka bali inasimama hewani, na njia nzima sikumwona mtu, nilisikia tu majembe mashambani, upande huu na upande ule. Nilikuwa nimetulia. Huwa natulia. Nilikuwa napanga sentensi.

Klementina alikuwa uani anasuuza bomba la sindano kwa maji ya moto.

"Umechelewa kuona kazi," alisema. "Ya leo ni ya nne, ndiyo ya mwisho. Homa imeshuka. Karibu chai."

Nilimsomea kurasa zote mbili, nimesimama, maji yakinitoka kwenye kofia. Alisikiliza hadi mwisho. Alikwenda akaichukua ile chupa, akaiinua juu. Hakukuwa na jua. Ilikuwa nyeusi tu.

"Spiriti ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Na gazeti?"

"Langu."

Aliiweka chupa chini taratibu, akaifunika kwa kikapu.

"Miaka kumi na tisa," alisema. Nadhani hakuwa anasema nami. Kisha akaniangalia. "Basi usisimame hapo kama mgomba. Shika kamba, tumnyweshe maji. Figo si linataka maji?"

Tulimnywesha ndoo tatu. Selestine alipofika alisema ni sawa, maji mengi, na sindano basi.

Ijumaa, 12 Februari

Ndoo nne. Mkojo: mara mbili, kidogo, wa rangi ya chai. Selestine ndiye anayehesabu.

Jumamosi, 13 Februari

Ndoo nne. Mkojo: mara moja. Nasma amefunga duka. Hakuna anayejua aliko.

Jumapili, 14 Februari

Ndoo mbili, ya tatu amekataa. Hakuna mkojo.

Jumatano, 17 Februari

Ndama amezaliwa saa tisa alasiri, wiki tatu kabla ya siku zake. Jike. Lidwina, ambaye ndama huyo ni wake kwa mujibu wa orodha, ndiye aliyempokea. Alimsafisha pua kwa kidole, akampulizia, akamgeuza kichwa chini kama alivyofanya wodini miaka thelathini.

"Anapumua," alisema. "Mdogo, lakini ana hasira. Wenye hasira hawafi."

Faraja alimlamba mara moja, akalaza kichwa.

Ijumaa, 19 Februari

Faraja amekufa saa mbili asubuhi. Nilikuwepo. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba banda halikuwa na kuta. Tuliketi kwenye majani sisi wanne, Lidwina naye akiwemo, na pumzi ya yule ng'ombe ilitoka nyeupe, ikachanganyika na nyeupe iliyokuwepo, na kwa muda mrefu sikuweza kusema pumzi ya mwisho ilikuwa ipi. Naandika saa mbili kwa sababu ndipo Selestine alipoweka sikio.

Klementina hakulia mbele yetu. Alikwenda ndani akarudi na glasi mbili.

"Fanyeni," alisema. "Nilione la Faraja."

Kipande kilishuka nusu, kikasimama. Kikazunguka. Safari hii nilihesabu hadi dakika ishirini, kisha nikaacha kuhesabu. Mafigo yamewekwa kwenye fomalini. Nimesoma lebo ya chupa mara mbili.

Jumatano, 24 Februari

Ndama hana mama wa kunyonya. Watu watano wenye ng'ombe Ruhuwiko wamepeana zamu, kila mmoja nusu lita. Lidwina anatoka Mjimwema asubuhi na jioni kuja kumnywesha. Nilimuuliza kama anajua kwamba kamati ya mradi ikisema ni uzembe, ndama huyo atakuwa wake.

"Bwana Mwandishi, wewe mwaka huu umeuliza maswali ya kutosha," alisema. "Shika hii chupa. Juu zaidi."

Jumatatu, 1 Machi

Nasma amerudi. Alikwenda Makambako kwa muuzaji wa jumla, kumtaka aseme kwa maandishi dawa ihifadhiwe vipi. Amerudi na karatasi: mahali penye baridi, gizani. Amefunga Ramadhani, midomo imekauka, ameingia maabara akiwa amebeba chupa zote za dirishani ndani ya gunia jeusi, thelathini na moja, pamoja na katoni moja ambayo haijafunguliwa.

"Nilikuwa nawapa wanachotaka," alimwambia Selestine. "Nilidhani ndiyo biashara. Pimeni."

Nilimwandika vibaya kichwani Desemba, nikamwandika vizuri mno Januari. Zote mbili bila ushahidi.

Selestine amefunga mbuzi wawili majike, wenye mimba, nyuma ya maabara. Mmoja anachomwa dawa ya katoni, mwingine ya dirishani. Namba ya toleo ile ile, kipimo kile kile, siku saba. Tofauti ni mwanga peke yake.

Jumatano, 3 Machi

Majirani wanauliza mbuzi watachinjwa lini. Selestine amewaambia nyama ni ya kuzikwa. Wamekasirika.

Jumatatu, 8 Machi

Wamechinjwa leo. Figo la mbuzi wa katoni: jekundu, limezama. Figo la mbuzi wa dirishani: rangi ya kande, kipande kimesimama katikati ya maji. Nyama imefukiwa na majivu. Selestine amepanda basi mwenyewe, chupa tatu za mafigo mapajani. Sampuli nyingine ameziacha kabatini, zote katika fomalini.

Jumapili, 21 Machi

Mvua inapungua. Inakuja saa nane, inaondoka saa tisa, kama mtumishi wa serikali.

Jumatano, 31 Machi

Mafuta yapo. Inasema barua ya Morogoro, kurasa tatu, nimezisoma zote kabla ya kukaa. Katika mafigo ya Faraja na ya mbuzi wa dirishani, mafuta yamejaa ndani ya seli. Yale ambayo figo lingeyachoma yamekaa bila kuchomwa. Katika mbuzi wa katoni, hakuna. Dawa yenyewe haina kosa. Iliyoharibiwa na jua ndiyo inayozima jiko. Mimba inaongeza hatari.

Nimempigia mhariri. Nimesema nataka masahihisho, ukurasa wa tatu, jina langu juu, na yaeleze spiriti ilitoka wapi.

"Balta, masahihisho tutaweka. Hayo ya spiriti yako nani kayauliza? Unataka wasomaji waseme mwandishi wetu ndiye aliyeharibu kipimo?"

"Ndiye."

"Mistari minne," alisema. "Na usiyapeleke kwingine. Ukiyapeleka, nitahitaji mwandishi mwingine Songea."

Jumamosi, 3 Aprili

Masahihisho yametoka. Ukurasa wa saba, mistari minne, chini ya tangazo la baiskeli. Hakuna spiriti. Hakuna jina.

Jumatatu, 12 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Rupert, katibu wa mradi, alinikaribisha chai na kuniambia jinsi kamati inavyoliona jambo. Klementina alichoma dawa bila bwana mifugo. Alichagua mwenyewe chupa mbovu, mbele ya mashahidi. Sharti la tisa linaita huo uzembe. Ndama atachukuliwa, jina litakatwa.

"Yeye mwenyewe anasemaje?" niliuliza.

"Anasema alichagua kwa macho yake. Hajamtaja mtu."

Nilikwenda Ruhuwiko kwa miguu. Jua lilikuwa limetoka, na mahindi yamenipita kichwa. Nilitembea ndani yake kama ndani ya maji ya kijani, mwanga ukija kutoka juu. Klementina alikuwa anasuka kamba ya katani.

"Ya ndama?"

"Ya kumpelekea Lidwina. Hawezi kwenda na kamba ya kukopa."

"Kwa nini hukuwaambia kuhusu gazeti?"

Alivuta uzi kwa meno, akaukata. "Wewe ni wa kusema habari. Mimi ni wa ng'ombe. Niseme ya kwako nikuachie nini?"

Ndama alikuja akanilamba mkono, ulimi kama msasa. Ana miezi miwili kasoro siku tano. Anashiba vizuri.

Jumanne, 20 Aprili

Kamati imekubali kusikiliza mashahidi kabla ya kuamua kama ni uzembe, au hakuna kosa na ndama anabaki kwa Klementina. Nimeambiwa na Rupert leo saa nne asubuhi, baada ya kumwomba kwa barua, nakala kwa Lidwina, kwa Nasma na kwa mhariri wangu.

Kwa mhariri nimeipeleka kwa posta ya kawaida. Itafika mambo yakiwa yamekwisha.

Maelezo yangu nimeyaandika kama habari, kwa kuwa sijui kuandika vinginevyo: "Baltazar Kapinga, mwandishi wa gazeti, alisema kwamba spiriti iliyofuta mafuta kwenye mafigo ya kwanza ilikuwa yake. Alisema alitangaza matokeo kabla ya kuona barua. Alisema pia kwamba aliwaona wateja wakichagua chupa nyeusi Desemba 19, na hakuuliza. Klementina aliinunua dawa hiyo baada ya kusoma habari yake. Kipande cha gazeti anacho." Nimehesabu. Yamezidi mistari minne.

Nasma ataleta chupa mbili, ya katoni na ya dirishani. Lidwina ameomba nafasi ya kusema sentensi moja, hataki kuniambia ni ipi. Wajumbe wamedai waone kwa macho yao, hivyo Selestine atakuja na mafigo ya mbuzi wote wawili, na Klementina ametoa glasi zake za wageni. Nimezibeba mimi, nimezifunga kwenye gazeti la Januari 21. Ziko mezani hapa, na jua la jioni limeingia ndani yake.

Kikao ni Jumamosi, tarehe 24 Aprili, saa tatu asubuhi, ukumbi wa parokia. Shahidi wa kwanza ni mimi.